Ukibonyeza tochi usiku, mwanga gani utoke kwanza?

Mwana wa Katonga (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za usiku. Naandika kutoka Mwanga, Kigoma mjini. Nina meza ya ufundi wa redio, simu na tochi, huu mwaka wa kumi na moja.

Kuna jambo nimekaa nalo moyoni siku nyingi. Mteja akija kununua tochi swali lake ni moja: "Inapiga mbali?" Akijibiwa ndiyo, anatoa hela. Hakuna anayeuliza ikiwashwa inaanza na mwanga upi, au kidole kikikosea inafanya nini. Mimi nimeona kwa macho yangu kwamba hapo ndipo tochi inapomsaidia mtu au kumwangusha.

Nimezaliwa Katonga, na kabla sijashika chuma cha kulehemu nilishika kasia. Baba mdogo alikuwa na mitumbwi ya dagaa, wakati ule bado tunatumia karabai. Wasiojua kazi ile niwaeleze kidogo. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa giza la mwezi. Mwezi ukijaa taa zetu hazina nguvu, kwa hiyo watu hukaa nchi kavu wakashona nyavu. Giza likirudi unakwenda na taa, unawasha, unasubiri dagaa wakusanyike. Ukifika wakati wa kuinua wavu, baba mdogo alikuwa hana haraka kabisa. Anazima karabai moja, anasubiri. Anazima ya pili, anasubiri. Inabaki moja tu juu ya wavu, na dagaa wanapanda kwenye kile kimwanga kidogo mpaka maji yanachemka kama fedha. Mwanga kwake ulikuwa kitu cha kupunguza kwa mkono, taratibu.

Usiku mmoja kamba ya wavu ilinasa chini ya ubao, taa imeshabaki moja. Akaniambia, "Nimulikie hapa." Mimi mfukoni nilikuwa na tochi mpya ya kuchaji, ile ya kuvuta kioo mbele na nyuma, ya elfu nane. Nikabonyeza. Ukatoka mwanga mweupe mkali, ukagonga ubao wenye maji na kuturudia wote usoni. Nikazima haraka. Nikabonyeza tena na tena nikitafuta mwanga mdogo, nikaupita, ikaanza kupepesa. Kidole kilikuwa na maji na mafuta ya dagaa, kikateleza juu ya ule mpira wa swichi. Nabonyeza, hakishiki. Inapepesa, inapepesa. Nikaishia kuikumbatia kifuani ili kuficha kioo.

Dagaa walizama. Maji yakabaki meusi. Wanaume wanne wamesimama na kamba mikononi, hakuna anayeona mkono wa mwenzake. Baba mdogo hakunigombeza. Alisema tu, "Iweke chini, tungoje macho yarudi."

Macho kurudi si kitu cha dakika mbili. Jicho lililozoea giza likipigwa na mwanga mkali huhitaji kama dakika 20 mpaka 30 kurudi pale lilipokuwa. Ziwani muda huo huoni mtumbwi wa jirani unaokujia bila taa.

Baadaye nilipojifunza ufundi niliifungua ile tochi. Haikuwa mbovu. Ilitengenezwa hivyo: hatua tatu, mkali, hafifu, kupepesa, na kila ukizima na kuwasha inaruka hatua ya mbele. Yaani usiku huu unaanza na hii, kesho inaanza na ile, na hakuna njia ya kufika kwenye mwanga mdogo bila kupita kwenye mkali.

Basi msimamo wangu ni huu. Tochi ya kutembelea, ya nyumbani, ya kwenye mtumbwi, ianze na mwanga MDOGO kila siku, bila kukumbuka jana uliiachaje. Anayetaka mkali aongeze mwenyewe. Kupepesa kuondolewe kabisa, au kufichwe mahali ambapo kidole hakifiki kwa bahati mbaya.

Kuhusu "inapiga mbali": mwanga unavyosonga mbele unatawanyika, kwa hiyo ukitaka tochi ileile imulike umbali mara mbili unahitaji mwanga mara nne, na betri inalipa mara nne au zaidi. Na jicho nalo halihesabu kama mashine. Ukiongeza mwanga mara mbili jicho linaona "umeongezeka kidogo". Ndiyo maana tochi ya lumeni 1000 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga) ukiiweka kando ya ile ya lumeni 500 unabaki unajiuliza hela imeenda wapi. Kumulika njia ya kwenda chooni, lumeni 5 zinatosha na zinabaki.

Karibuni. Ninyi mnatumia tochi kwa kazi gani, na swichi ipi mkono wako unaielewa?

---

Nyuki wa Sikonge

Mwangaluka, wana Kigoma. Niko Tabora, kazi yangu asali.

Umegusa penyewe mkuu. Sisi wengi tunarina usiku maana nyuki wametulia, na mizinga mingine bado ni ya magome, iko juu mtini. Uko juu, mkono mmoja umeshika tawi, mwingine una moshi. Ukiwasha tochi nyeupe kali mlangoni mwa mzinga, nyuki wanaifuata taa. Wanatambaa kwenye kioo, kwenye vidole, wanaingia kwenye mkono wa koti.

Nyuki haoni rangi nyekundu. Kwake nyekundu ni giza. Wazee wangu walikuwa wanafunga kitambaa chekundu kwenye tochi ya betri kubwa, mimi nina ya kichwani yenye taa nyekundu pembeni. Tatizo ni lilelile ulilolisema: yangu ya kwanza, ili ufike kwenye nyekundu lazima upite nyeupe kali, nyeupe hafifu, halafu ndiyo nyekundu. Nilikuwa naiwasha chini ya mti kabla ya kupanda na siizimi mpaka nishuke, hata nikiwa nimepumzika. Sasa nina nyingine ambayo ukishikilia swichi kama sekunde mbili inaanza na nyekundu moja kwa moja. Ile moja tu imebadilisha kazi yangu.

---

Lindo la Usiku

Nawasalimu. Mimi nitapingana na mwanzisha uzi, kwa heshima.

Nalinda magodauni huku Urambo, msimu wa tumbaku. Nikisikia kitu kinakwaruza bati saa nane usiku, sitaki lumeni 5. Nataka mwanga wote ulioko kwenye tochi, palepale, mara moja. Nikianza na mdogo nimemwambia mwizi niko wapi, na mimi bado simwoni. Na kupepesa mnakokutukana hapa kumenisaidia: ukimpepesea mtu usoni hajui uko wapi.

---

Mwana wa Katonga

Mzee wa Urambo, shikamoo. Nimekuelewa na sikukuwaza wewe nilipoandika. Kwa mlinzi uko sahihi, mkali uwe karibu na kidole.

Lakini tazama, tatizo lako na langu ni moja. Wewe hutaki kupita mdogo ili ufike mkali, mimi sitaki kupita mkali ili nifike mdogo. Wote tunataka njia ya mkato. Tochi zenye swichi nzuri zinafanya yote mawili: ukibonyeza na kuachia mara moja inaanza mdogo, ukibonyeza haraka mara mbili unapata mkali wote. Kupepesa wanakuweka mara tatu. Mkono wako ukizoea, huwazi.

Na kwa lindo nakushauri swichi ya mkiani, ile inayowaka ukiikandamiza nusu kabla haijalia "tik". Ukiachia inazima. Unamulika sekunde moja, unazima, unahama mahali. Zile tochi za bati za zamani za betri kubwa zilikuwa na hicho kitu: kuna kitelezi cha kuwasha, na juu yake kitufe chekundu cha kumulika kwa kugusa. Watu wanadhani wazee hawakuwa na akili ya swichi! Kile kitufe ni bora kuliko nusu ya tochi ninazouza mezani.

Kuna swichi nyingine ya mkiani inayofanana na hiyo kwa sura, ila yenyewe haiwaki mpaka ilie "tik" na uachie, halafu ukiigusa nusu ikiwa imewaka ndipo inabadili hatua. Hiyo ndiyo iko kwenye nyingi za bei ya chini. Si mbaya, ila huwezi kumulika kwa kugusa. Ukienda dukani zijaribu kwa kidole kabla ya kulipa.

---

Lindo la Usiku

Marahaba kijana. Hapo kwenye kugusa nusu tumeelewana. Nitaitafuta hiyo.

---

Boda wa Kasulu

Mimi taa ya pikipiki inanitosha, ila pancha ikinipata usiku nashika simu kwa meno. Nimesoma hadi hapa nimeamua kununua ya kichwani.

---

Mkunga wa Kando ya Ziwa

Habari zenu kaka zangu. Niko kijiji cha kusini, ukipita Sunuka. Zahanati yetu ina sola, lakini masika mawingu yakikaa siku tatu betri inakata usiku wa manane, na watoto hawasubiri jua.

Naomba niongeze mambo ambayo sijaona mkiyasema. La kwanza ni rangi ya mwanga. Tochi nyingi za bei rahisi zinatoa mwanga wa bluu-bluu. Kwa huo mwanga kila mtu anaonekana kama maiti. Mimi nahitaji kuona midomo ya mama ina rangi gani, kucha zina rangi gani, mtoto aliyetoka ni wa waridi au ameanza kugeuka bluu. Tochi ya bluu inanidanganya. Kaka wa Sikonge ile nyekundu yako ni nzuri kwa nyuki, ila kwangu ni hatari kabisa, maana chini ya taa nyekundu damu haionekani kwenye shuka. Inapotea.

La pili, glovu. Nikishavaa glovu na zimelowa, swichi ndogo iliyolala sawa na mwili wa tochi siioni wala siisikii. Nataka iinuke kidogo nijue kidole kimefika. Na yangu ya kichwani nikitaka kupunguza lazima nizungushe hatua zote tano, ikiwemo kupepesa. Mwezi uliopita nilimpepesea mama aliyekuwa anasukuma. Akafumba macho, akapoteza pumzi tuliyokuwa tumeipanga pamoja. Tulianza upya. Mtoto alizaliwa salama, lakini ile sura yake sijaisahau.

---

Mwana wa Katonga

Dada, pole, na asante kwa kuandika. Hilo la rangi wateja wangu hawaniulizi na mimi nilikuwa silitangulizi. Kuanzia leo nalitanguliza.

Kwa wasiojua: taa za kisasa nyeupe kwa ndani ni bluu. Kidude chenyewe kinatoa bluu, kisha kinapakwa unga wa njano unaogeuza sehemu ya ile bluu kuwa rangi nyingine. (Kupatikana kwa hiyo bluu kulichukua miaka mingi, na wanasayansi watatu wazaliwa wa Japani, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Nobeli ya fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo.) Unga ukiwa haba au wa hali ya chini, nyekundu inakosekana kwenye mwanga, na midomo ya mtu inakuwa ya kijivu. Njia ya kupima dukani: mulika kiganja chako. Kikionekana hai, chenye wekundu, chukua. Kikionekana cha majivu, rudisha. Taa yenye rangi ya kweli hupoteza mwanga kidogo na bei huwa juu kidogo. Kwa kazi yako inastahili.

Hilo la kupepesa naweza kukuondolea. Kama una tochi ya mkononi yenye betri ya mviringo ya kutoa, nitumie kwa boti, nitaifungua na kubadilisha kibao cha ndani.

---

Mwanachuo Tabora

Samahani kaka fundi, swali. Nina tochi imeandikwa betri 9900 na "saa 100". Mbona usiku mmoja wa kusoma imekufa? Halafu ikiwa kwenye begi nakuta imejiwasha yenyewe, ya moto.

---

Mwana wa Katonga

Mdogo wangu, maswali matatu hayo, na la mwisho usilichukulie mzaha.

Betri yako nadhani ni ile ya 18650, yaani kipenyo milimita 18 na urefu 65. Kwa ukubwa huo 9900 (ni mAh, kipimo cha umeme ambao betri inabeba) ni uongo wa kwenye karatasi. Betri nzuri ya kawaida ya 18650 ni kati ya 2500 na 3500 hivi. Za uongo nimezipima mezani zikatoa chini ya 1000. Ukiishika mkononi utaisikia nyepesi, maana ya kweli ina uzito wa gramu 45 hivi.

"Saa 100" nako kuna ujanja. Kipimo kinachotumiwa na watengenezaji wengi huhesabu saa mpaka mwanga ushuke kufika sehemu moja ya kumi ya ulivyoanza. Kwa hiyo sehemu kubwa ya hizo saa unasoma kwa kimwanga. Na mara nyingi saa ndefu ni za hatua ya chini kabisa wakati lumeni kubwa ni za hatua ya juu, vikaandikwa pamoja kwenye boksi kama vile unavipata kwa wakati mmoja. Piga hesabu mwenyewe: betri ya 3000 kwa volti 3.7 ina kama wati-saa 11. Mwanga mkali unaokula wati 5 unaimaliza kwa saa mbili. Mwanga wa kusomea unaokula sehemu ya tano ya wati unakwenda saa hamsini na kidogo. Umeona sasa kwa nini nashikilia kuanza na mdogo? Usiku wako mzima wa kusoma uko pale.

Kujiwasha kwenye begi: hiyo ina swichi ya ubavuni ya umeme mwepesi, kidole kikigusa tu inawaka, na kitabu nacho kinaigusa. Tochi ya lumeni nyingi ikiwaka ndani ya nguo inapata moto wa kuunguza. Legeza kifuniko cha nyuma robo mzunguko kabla ya kuiweka kwenye begi. Ikikataa kuwaka baada ya kulegeza, uko salama. Ikiendelea kuwaka legeza zaidi au toa betri. Hiyo pia inazuia betri kuliwa pole pole, kwa sababu swichi za namna hiyo zinakunywa umeme kidogo hata zikiwa zimezimwa. Swichi ya mkiani ya "tik" haina tabia hiyo, inakata kabisa.

---

Nyuki wa Sikonge

Niongeze moja kwa kijana wa chuo na wengine mnaotembea porini huku kwetu: mwanga mdogo usiwe mwembamba. Kifutu, yule nyoka, hakimbii mtu. Analala katikati ya njia akisubiri panya, na rangi yake ni ya majani makavu. Tochi ya kuvuta kioo ukiifunga ikawa kiduara kidogo mbele, unaona mti ulioko mita mia na huoni kilichoko mbele ya kidole gumba. Ifungue kioo itawanye, imulike hatua zako tatu za mbele.

---

Mwana wa Katonga

Sahihi kabisa.

Wakuu, tochi ya dada mkunga imefika jana, nimeifanyia kazi usiku huu, nawaeleza nilichofanya ili fundi mwingine asome. Ni ya alumini, betri moja ya 18650, swichi ya mkiani. Nimefungua kichwa, nikatoa kibao cha duara cha milimita 17. Cha kwake kilikuwa na hatua tano na hakina namna ya kubadilishwa. Nikaweka kingine nilichokuwa nacho. Hiki ukikitazama kwa kioo cha kukuzia, ukingoni kuna vijinyota vidogo vya shaba. Kila nyota ukiiunganisha kwa tone la lehemu na ule mduara wa nje, inabadilisha mpangilio wa hatua. Tone lenyewe ni dogo kuliko punje ya ulezi. Mkono ukitetemeka unaunganisha mbili, unaanza upya. Nimeunganisha nyota ya hatua tatu bila kupepesa: mdogo, wa kati, mkali, na kila ikizimwa kwa muda kidogo inarudi mdogo.

Kisha nimeng'oa ule mpira wa swichi uliolala, nikaweka unaochomoza. Nimevaa glovu, nikazichovya kwenye beseni la maji yenye sabuni, nikaijaribu mara hamsini. Haijateleza. Taa yenyewe nimeibadilisha, nimeweka yenye rangi ya vuguvugu. Kiganja changu kinaonekana kiganja.

Inapanda boti ya kesho asubuhi.

---

Mkunga wa Kando ya Ziwa

Kaka, imefika juzi. Jana saa tisa usiku sola ilikata na nilikuwa na mama wa uzazi wa pili. Nimebonyeza mara moja, ukatoka kama mwanga wa kibatari. Mama hakugeuza hata uso. Nilipohitaji kushona nikaongeza mara mbili kwa kidole cha glovu. Nimeona rangi ya damu ilivyo.

Swali langu moja: naweza kuchaji betri yake kwenye sola ya zahanati mchana, au itaharibika?

---

Mwana wa Katonga

Hongera kwako na kwa mama. Chaji bila wasiwasi, kwa kile kichaji kidogo nilichokufungia kwenye mfuko, mdomo wake ni wa kuchomeka pale pale mnapochajia simu. Ila kiweke kivulini, usikiache dirishani kwenye jua, hizi betri haziyapendi majoto. Ikijaa kichaji kinawaka kijani, itoe. Na usiiache ikae tupu wiki nzima. Nimekuwekea na betri ya pili, iko chini kabisa ya mfuko, imefungwa kwenye karatasi.